Laptopu moja, mitandao minne: kutuma barua pepe kati ya Tabora na Kigoma

Treni ya Kigoma ikiingia Kaliua, simu za behewa zima huanza kulia kwa pamoja. Meseji zilizokwama njiani zinaingia zote kwa mkupuo, na kila mtu anainamia kioo chake. Safari moja ya mwezi wa tano nami niliinamia laptopu yangu magotini. Tulipopita Usoke nilikuwa nimeandika barua pepe yenye orodha ya uzito wa asali: kila ndoo na kilo zake, kila mfugaji na namba yake. Mnunuzi wa Dar es Salaam aliitaka kabla ya saa kumi jioni ili lori lipakiwe siku hiyo hiyo. Pale Kaliua hotispoti ya simu ilishika, kivinjari kikafungua kurasa bila tabu, nami nikaamini barua imekwenda. Treni ilisimama kama dakika ishirini. Tulipoondoka nikaangalia foleni ya barua zinazongoja kutumwa: barua bado ipo, haijaguswa. Ilitoka saa mbili usiku. Lori lilikuwa limeahirishwa, na wafugaji waliolala ghalani kulinda mzigo wao wakalala hapo usiku wa pili.

Natunza kompyuta na seva ya barua za chama cha wafuga nyuki. Ofisi iko Tabora mjini, wanachama wametawanyika hadi Kasulu na Kibondo, kwa hiyo karibu kila mwezi niko njiani. Katika safari moja laptopu yangu inapita mitandao minne: waya wa ofisini Tabora, hotispoti ya simu kwenye treni, waifai ya gesti Mwanga pale Kigoma, na modemu ya mwenzetu Kasulu. Kusoma barua hakujawahi kunisumbua popote. Kutuma ndiko kulikonitesa kwa miaka, na kila mahali kwa sababu tofauti. Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaobeba laptopu ya kazi kutoka mji hadi mji, na kwa wale wanaowapangia wengine mashine zao.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu wengi huzichukua kama moja. Kusoma barua ni sawa na kwenda posta na ufunguo wa sanduku lako. Programu inakwenda kwenye seva, inatoa jina na nenosiri, inasoma kilichomo. Siku hizi hilo hufanyika kwa IMAP, itifaki (yaani masharti ya mazungumzo kati ya mashine) ya kusomea barua, kupitia mlango namba 993; kila huduma ya seva ina namba ya mlango wake, na uwe Ujiji au Urambo ufunguo ni ule ule. Kutuma ni kazi ya itifaki nyingine kabisa, SMTP, na hiyo ilizaliwa bila ufunguo.

Programu ya barua ikifika kwenye seva ya kutuma hupiga hodi. Neno la hodi ni EHLO, na baada yake jina la mashine inayobisha. Seva hujibu kwa namba. 250 ni karibu. Namba inayoanza na 4 maana yake rudi baadaye. Inayoanza na 5 maana yake hapana, usirudi na ombi hilo. Mgeni akikaribishwa hutaja barua inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, halafu husoma maandishi yote, na akimaliza huweka nukta peke yake kwenye mstari. Seva ikijibu 250 baada ya nukta hiyo, mzigo umepokelewa na dhamana imehamia kwake. Kiini cha masharti haya aliandika Jon Postel Agosti 1982, nacho ndicho kinachoendesha barua pepe mpaka leo. Katika masharti yale ya mwanzo hakuna mahali ambapo mgeni anaulizwa nenosiri. Seva za chuo zilifahamiana na seva za chuo kingine, basi.

Walipotokea watu wa kumwaga barua taka kwa mamilioni, wenye seva walilazimika kuchagua wa kumbebea barua. Njia rahisi iliyokuwepo ilikuwa kuangalia mgeni anatokea wapi. Seva ya ofisi yetu zamani ilipangwa hivyo: anwani za IP (namba za kutambulisha mashine mtandaoni) za humo ofisini zinaaminika, nyingine zote hapana. Mfanyakazi aliyekaa kwenye kiti chake Tabora alituma barua bila kujua kuna ukaguzi wowote. Mfanyakazi huyo huyo akifika Kigoma na laptopu ile ile, seva ilimwona mgeni asiyejulikana anayetaka kubebewa mizigo, nayo ikamjibu: 554 5.7.1 Relay access denied. Yaani sikubebei barua ya kwenda kwa watu wengine. Jibu hilo nililipata mara ya kwanza nikiwa gesti Kigoma, na nilipoteza jioni nzima nikibadilisha nenosiri la kusomea barua, kumbe seva ya kutuma wala haikuwa imeniuliza nenosiri lolote.

Seva iliyokuwa inapima imani kwa mahali haina namna ya kumhudumia msafiri. Ukishika hilo, karibu matatizo yote ya kutuma barua safarini yanaeleweka.

Ushauri niliopewa wakati ule, na ambao bado nausikia kwa mafundi, ni kubadilisha seva ya kutuma kila unapobadilisha mtandao: ukiwa kwa kampuni hii tumia seva yake, ukiwa kwa ile tumia ya ile. Nilifanya hivyo kwa muda. Nilikuwa na karatasi ya seva nne niliyoibandika chini ya laptopu. Leo sishauri mtu yeyote afanye hivyo. Kampuni nyingi za simu hazina tena seva ya namna hiyo kwa wateja wa bando. Na hata ukiipata, barua inayobeba jina la chama chako itakuwa imetoka kwenye seva isiyo ya chama chako. Mwenye jina la tovuti huweka kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, rekodi ya SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, na wapokeaji wanaikagua. Ukituma kupitia seva ya kampuni ya simu, rekodi yako mwenyewe inakukana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila anayewatumia barua awe na SPF au DKIM, saini ya seva inayothibitisha barua, na mtumaji wa barua nyingi (kwa Google ni elfu tano au zaidi kwa siku) awe na vyote viwili pamoja na DMARC, rekodi inayosema barua isiyothibitika ifanyweje. Barua ya msafiri wa karatasi ya seva nne inaishia kwenye kapu la spamu, na mpokeaji atakuambia hajaiona, naye atakuwa anasema kweli.

Njia yangu ya pili ilikuwa ya kujitegemea zaidi. Laptopu ina Linux, kwa hiyo niliweka Postfix, programu ya seva ya barua, ndani yake ili itume moja kwa moja kwa kila mpokeaji kupitia mlango namba 25, bila kupita kwa mtu. Kwenye mitandao mingi mlango wa 25 umefungwa kwa wateja wa kawaida. Mashine inabisha, hakuna anayeitikia, na baada ya muda inakata tamaa. Kampuni zinaufunga kwa sababu nzuri: kompyuta ya mteja ikiambukizwa kirusi, ndio mlango inaotumia kumwaga barua taka. Pale mlango ulipokuwa wazi, barua zangu zilikataliwa na wapokeaji. Anwani za IP zinazogawiwa wateja wa simu ziko kwenye orodha kama ile ya Spamhaus iitwayo PBL, orodha ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Mtu hawekwi humo kwa kosa lake. Aina ya mtandao inatosha. Isitoshe, anwani moja ya hotispoti huwa inachangiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na huwezi kujua jirani yako kwenye anwani hiyo anafanya nini.

Jibu lililo sahihi lilikuwa limeshaandikwa tangu Desemba 1998, nami nililichelewa kwa miaka mingi. Mwaka huo ulitengwa mlango mwingine, namba 587, kwa ajili ya mtu anayekabidhi barua yake kwa seva yake mwenyewe. Mlango wa 25 ukabaki wa seva kuzungumza na seva. Mwaka uliofuata, 1999, SMTP ikapata rasmi amri ya AUTH ya kutoa jina na nenosiri. Ukiviunganisha hivyo viwili, seva yako inakupokea kwa nenosiri popote ulipo, kisha yenyewe, ikiwa na anwani isiyohama na SPF iliyonyooka, inapeleka barua kwa wengine. Mtandao wa gesti unabaki kuwa barabara tu ya kukufikisha kwa seva yako.

Baada ya hapo kilichobaki ni kuilinda barabara hiyo, kwa kuwa sasa nenosiri linapita juu yake. Kwenye mlango wa 587 mazungumzo huanza wazi, halafu seva inatangaza kwamba inaweza STARTTLS, na programu inaomba kuingia kwenye mazungumzo yaliyofumbwa, yasiyosomeka na mtu wa kati. Udhaifu uko hapo katikati. Siku moja, nikipima mlango wa 25 kwenye mtandao wa ofisi niliyokuwa mgeni wake, niliandika EHLO kwa mkono nione seva inatangaza nini. Mahali palipopaswa kusomeka STARTTLS palisomeka XXXXXXXA. Herufi nane kwa nane. Kifaa cha ulinzi kilichokaa kati yangu na seva kilikuwa kimelifuta neno lile na kuandika lake, ili mazungumzo yabaki wazi nacho kiweze kuyakagua. Programu iliyopangwa kufumba "ikiwezekana" ingeona haiwezekani, ikaendelea wazi, na kutoa nenosiri hadharani.

Kwa sababu hiyo laptopu ya msafiri naipangia mlango wa 465. Huko kufumba kunaanza kabla ya hodi, hakuna tangazo la kufutwa katikati. Mlango huo uliwahi kukataliwa, ukaendelea kutumika kienyeji kwa muda mrefu, kisha mwaka 2018 RFC 8314, mmoja wa nyaraka za masharti ya intaneti, ukaurudisha na kuupendekeza rasmi. Na 587 nayo ni salama mradi programu yako imeamriwa kwamba bila kufumba isitume kabisa. Nabaki na yote miwili, kwani nimekutana na mitandao ya gesti inayofunga mmoja na kuacha mwingine.

Kwa wenye Postfix, mistari inayobeba uzito kwenye main.cf, faili lake la mipangilio, ni hii:

relayhost = [barua.example.org]:465
smtp_tls_wrappermode = yes
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous

Mabano ya mraba usiyaache. Yanaiambia Postfix iende kwenye seva hiyo hiyo bila kutafuta rekodi ya MX, ile ya DNS inayotaja seva ya kupokea barua. Neno secure nalo lina sababu: wengi huandika encrypt, na encrypt inafumba mazungumzo bila kukagua cheti kinachothibitisha kuwa upande wa pili ni seva yako kweli, kwa hiyo unaweza kujikuta unanong'ona siri yako vizuri kabisa kwa mtu mwingine. Faili la nenosiri liwe la root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake, na ukilibadilisha usisahau amri ya postmap inayoliandaa upya kwa Postfix.

Sasa turudi Kaliua, kwa kuwa mipangilio yote hiyo ilikuwepo siku ile na bado barua haikutoka.

Postfix imeundwa kwa ajili ya seva inayokaa mahali pamoja na umeme na mtandao. Barua ikishindikana, haiigongi kila sekunde. Inaiweka kwenye foleni ya walioahirishwa, na muda wa kungoja kabla ya jaribio lingine unakaribia umri wa barua yenyewe, usiopungua sekunde 300 na usiozidi sekunde 4000. Kwenye seva hiyo ni busara. Ikiwa seva ya mwenzako imelala tangu asubuhi, hakuna haja ya kumgongea kila dakika tano. Kwenye treni inakuwa balaa. Barua yangu ilikuwa na umri wa saa moja na ushee tulipokaribia Kaliua, ikajaribiwa robo saa kabla ya kuingia stesheni, porini kusiko na mnara, ikashindikana, ikapangiwa jaribio baada ya zaidi ya saa nzima. Sekunde 4000 ni dakika 66 na kidogo. Dakika zote ishirini za mtandao mzuri pale stesheni barua ilikuwa inangoja saa yake, wala hakuna aliyeiambia kwamba mlango umefunguka.

Amri ya kuiambia ni postqueue -f. Inaisukuma foleni yote ijaribiwe papo hapo. Na mailq inakuonyesha kilichobaki, pamoja na sababu ya kila barua kukwama. Laiti ningeandika amri hiyo moja pale Kaliua, lori lingepakiwa.

Kuna kikwazo kingine hapo hapo ambacho kilinichukua muda zaidi kukigundua. Kivinjari kinafungua kurasa, lakini mailq inasema jina la seva halipatikani. Kwenye matoleo mengi ya Linux za Debian na Ubuntu, Postfix hufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa, chini ya /var/spool/postfix, na humo ina nakala yake ya faili la resolv.conf linalosema DNS iulizwe wapi. Ulipotoka ofisini Tabora ukashika hotispoti, faili la nje linaweza kubadilika huku nakala ya ndani ikibaki inaelekeza kwenye ruta ya ofisi. Postfix inauliza njia kwa mtu ambaye hayupo. Ukiiwasha upya, nakala inachukuliwa upya. Fundi akikuambia "mtandao upo lakini barua haiendi", linganisha mafaili hayo mawili kabla hujagusa kitu kingine.

Foleni yenyewe naipenda na sitaki mtu aiogope. Ndiyo inayoniwezesha kuandika kati ya Malagarasi na Uvinza pasipo mnara hata mmoja, nikabonyeza tuma, nikaendelea na kazi nyingine. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikadorora, seva yetu iliyoko ng'ambo haikufikika vizuri, na barua zilikaa ndani ya laptopu bila kupotea hata moja. Ila foleni ina kikomo. Postfix huishikilia barua siku 5, kisha huirudisha kwa mwenyewe. Kwa anayekwenda vijiji vya ufukweni kaskazini mwa Kigoma, au anayekaa Kibondo ndani ndani wiki nzima, siku 5 ni chache. Mimi nimeweka maximal_queue_lifetime iwe siku 14.

Nikiwa Tabora huwa naikumbuka habari ya barua za Livingstone. Mfuko wa barua zake ulitoka Zanzibar mwanzoni mwa Novemba 1870, ukafika huku Unyanyembe, ukakwama. Mwenyewe alikuwa Ujiji akizisubiri. Mwaka 1871 Stanley alipopita Kwihara ndipo akauchukua na kumfikishia, mwaka mzima tangu mfuko uondoke pwani. Njia ya misafara ilikuwa karibu ile ile ya reli ya leo, na barua zilikwama upande huu huu.

Viambatanisho navyo vinataka kuzungumzwa, maana hapo ndipo bando linapoteketea. Barua pepe hubeba faili kwa kuligeuza kuwa herufi: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Picha za mizinga zenye MB 12 zinasafiri kama MB 16. Seva nyingi huhesabu kikomo chao baada ya mzigo kugeuzwa, kwa hiyo faili lililo chini kidogo ya kikomo linakataliwa na mtu anashangaa. Baya zaidi kwa msafiri ni kwamba SMTP ya kawaida haina kuendelea pale ulipokatikia. Ukifikisha MB 15 kati ya 16, treni ikaingia bondeni, jaribio linalofuata linaanza sifuri. Nimeshuhudia barua moja ikila bando la siku nzima namna hiyo bila kufika. Picha nazipunguza kwanza, nazigawa barua kadhaa ndogo, na zikiwa nyingi napeleka kwenye seva kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, ambayo kwa --partial huendelea ilipoishia, halafu kwenye barua naandika tu zilipo.

Na kuna ile nukta ya mwisho. Mhasibu wetu wa Kasulu alinipigia akaniuliza, "Kaka, orodha ya nta nimeipata mara tatu. Nifuate ipi?" Zote tatu zilikuwa sawa herufi kwa herufi. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikaona kilichotokea. Laptopu ilimaliza kusoma barua, ikaweka nukta, seva ikapokea na kuanza kuikagua dhidi ya virusi. Kabla 250 haijarudi, mtandao wa simu ukakatika. Seva inajua imepokea. Laptopu haijapata jibu, kwa hiyo kwa masharti ya itifaki inapaswa kudhani barua haijafika, na inatuma tena. Hilo likatokea mara mbili mfululizo. Tatizo hili limeelezwa tangu mwaka 1988 katika waraka wa RFC 1047, na tiba yake iko upande wa seva: ijibu upesi baada ya nukta, ukaguzi mrefu ufanywe baadaye. Nilihamisha ukaguzi wa virusi kwenye seva yetu ufuate baada ya jibu, na barua pacha zikapungua sana. Nilimwambia dada, "Angalia mstari wa Message-ID, zikifanana ni barua moja, chukua yoyote." Tangu siku hiyo haniulizi, anafuta mwenyewe.

Gesti ina shida zake. Waifai inashika, alama inaonekana imejaa, lakini hakuna kinachokwenda.

"Shikamoo mama. Mtandao naona umeshika ila haufungui."

"Marahaba mwanangu. Kikaratasi cha namba ulichukua pale kaunta?"

Namba ile ya kikaratasi ndiyo inayofungua mlango, na mpaka uiandike kwenye ukurasa wao, ruta inayateka maombi yako yote. Kivinjari kitakuletea ukurasa huo. Programu ya barua haiwezi kukuonyesha ukurasa, kwa hiyo inakuja na onyo kwamba cheti cha seva si sahihi, na chini yake kuna kitufe cha kukubali hivyo hivyo. Tafadhali usikibonyeze. Cheti unachoonyeshwa huenda ni cha ruta ya gesti, huenda ni cha mtu mwingine, na ukikubali unampa nenosiri la barua zako. Funga onyo, fungua kivinjari, andika namba ya kikaratasi, rudi kwenye barua. Onyo likibaki hata baada ya hapo, tazama tarehe ya laptopu. Mashine za zamani ambazo betri ya saa imekufa huamka zikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na kila cheti duniani kinaonekana batili.

Wenzangu wengi ofisini hawatumii Linux, nao nimewawekea Thunderbird. Seva ya kutuma huwekwa mahali pake, mbali na ya kupokea, na hapo ndipo unaandika mlango 465, SSL/TLS, na nenosiri. Ukiandika barua bila mtandao bonyeza Ctrl+Shift+Enter, itakaa kwenye kikasha cha kutoka ikingoja. Ukipata mtandao, nenda menyu ya faili uamuru zitumwe zilizobaki. Wanaotumia Gmail wajue kuwa tangu Mei 30, 2022 akaunti binafsi hazikubali tena programu zinazoleta nenosiri la kawaida peke yake. Programu mpya inaingia kwa kuthibitisha kupitia kivinjari. Ya zamani inahitaji nenosiri maalumu la herufi 16 linalotengenezwa kwenye akaunti baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Kwenye seva yetu nami nimefuata utaratibu huo wa nenosiri moja kwa kila mashine. Laptopu ya mwenzetu ilipoibwa stendi ya mabasi Kasulu, nilifuta nenosiri la laptopu hiyo tu. Simu yake iliendelea kutuma na kupokea, na aliyeiba akabaki na mashine isiyoweza kutuma hata salamu kwa jina la chama.

Wapo wanaoniambia haya yote ya nini, tumia kivinjari tu. Anayeishi mjini na mtandao muda wote simpingi. Ila kwenye kivinjari, mtandao ukikatika katikati ya kuandika, unabaki unautazama ukurasa usiojulikana umehifadhi nini. Kwangu mimi saa za kuandika na saa za mtandao hazikutani.

Kuhusu foleni na kubadilisha mtandao, nimeacha kutegemea kumbukumbu yangu. Ndani ya /etc/NetworkManager/dispatcher.d nimeweka faili dogo, mali ya root, lenye ruhusa ya kutekelezwa:

#!/bin/sh
[ "$2" = "up" ] || exit 0
systemctl restart postfix
sleep 5
postqueue -f

Kila mtandao mpya unaposhika, Postfix inawashwa upya, inachukua nakala mpya ya DNS, na foleni inasukumwa. Kwenye treni linafanya kazi lenyewe. Gesti haliwezi, kwa sababu mtandao unahesabika umeshika kabla hujaandika namba ya kikaratasi, na jaribio hilo la kwanza lazima lishindikane. Huko nikishaandika namba nafungua dirisha la amri na kuandika postqueue -f mwenyewe, nasubiri nusu dakika, naandika mailq, na siifungi laptopu mpaka inijibu kuwa foleni haina kitu.